Nyumba za Mstari wa Pili

Jumatatu, 3 Februari

Daktari kasema presha yangu si ya chumvi, ni ya kununa. Eti niyaandike yanayonichoma badala ya kuyatafuna moyoni. Haya, naandika, tuone kama kalamu ni dawa kuliko vidonge vyake.

Linalonichoma ni moja. Ofisi yetu ya usanifu wa majengo inakufa, na kaka yangu aliyeianzisha anaitazama ikifa huku kakunja mikono kama mtu anayengoja basi. Benki zimefunga mikopo ya ujenzi. Saruji imepanda, nondo zimepanda zaidi. Lile ghorofa la ofisi tulilolichora kwa mbwembwe zote limesimama katikati, nondo zimechomoza juu zinashika kutu, na mwenyewe hapokei simu. Wenye nyumba ndogondogo nao wananunua ramani zilizochorwa tayari, kwenye simu, kama wanavyonunua viatu.

Mvua kubwa zikiisha bila kazi ya maana, tunafunga. Kaka kalitamka hilo jana kwa ule upole wake: "Ofisi ni kama mtu, mdogo wangu. Wakati wake ukifika, inakwenda." Nilitamani kumrushia rula. Mimi nina hisa nusu kwenye huyo mtu wake, na sijakubali aende.

Alhamisi, 6 Februari

Binti wa Kaka kaja na wazo. Na yeye ni msanifu, kamaliza chuo juzijuzi, tumemwajiri kwa sababu ni damu yetu na kwa sababu hatumlipi vizuri. Anataka na sisi tuuze ramani za tayari. Nikamwambia sisi si duka la mitumba.

"Duka la mitumba lina wateja, Shangazi," kanijibu, macho kwenye simu.

Huyu mtoto ana mdomo. Sijui kautoa wapi, maana baba yake ni mtu wa maneno ya kuhesabu.

Jumatano, 12 Februari

Leo Zege kaja ofisini. Ni mkandarasi, na hilo ni jina la utani, ila kalizoea mpaka analitumia kujitambulisha. Ana karakana ya kumwaga kuta za zege. Kuta zinatoka pale zikiwa zimekamilika, zinapakiwa kwenye lori, zinasimamishwa kiwanjani kama maboksi. Nyumba inapanda kwa wiki chache. Kapata kazi ya chama cha ushirika cha walimu: mistari miwili ya nyumba, kwenye mteremko nje ya mji, barabara ikipita katikati.

Anataka sisi tuchore. Lakini si kwa mtindo tuliouzoea, wa mwenye nyumba kumlipa msanifu, kisha msanifu kumsimamia mkandarasi. Tutalipwa na yeye Zege, tutakuwa chini yake, kitu kimoja.

"Siku hizi hakuna anayetaka kulipa watu wawili waje kugombana kwenye kiwanja chake," kasema. Nikacheka, maana ni kweli.

Kaka hakucheka. "Msanifu ni jicho la mwenye nyumba," kasema. "Ukimlisha wewe, atakuwa anamtazama nani? Hilo nimekataa tangu naanza kazi hii. Sili meza moja na mwizi."

"Mwizi ndiye mimi, Mzee?"

"Nimesema kwa jumla."

Zege kanigeukia mimi. Nilijua nikisema hapana, tutarudi kwenye kupiga miayo na kusikiliza feni. Nilijua nikisema ndiyo, nitakuwa nimempiga Kaka kofi mbele ya mgeni. Nikasema tunaichukua. Kaka akanitazama kama kanifuma na mkono kwenye mfuko wa mtu. Zege alipoondoka nilimfuata Kaka, nikamwambia nafanya hivi kwa ajili yetu sote. Akasema anajua. Aliposema anajua ndipo roho iliponiuma.

Jumatatu, 17 Februari

Ofisi hii ina desturi zake mbili. Ya kwanza, hatuchori kitu mpaka Kaka akakanyage kiwanja siku ya mvua. Anavaa mabuti, anasimama katikati kama mnara, anatazama maji yanakopita. Majirani wa viwanja wameshamdhania mgonjwa mara kadhaa. Ya pili, mchoro hautoki mlangoni mpaka ndugu mwingine ausome kwa kalamu nyekundu. Wangu anausoma yeye, wake nausoma mimi. Tumegombana sana juu ya hiyo kalamu, tukapatana juu yake vilevile.

Zege hana subira ya hayo. Mvua yenyewe haijaanza, tungoje mpaka lini? Na Kaka, tangu tuanze, kila mstari ninaochora ana neno. Mlango mbona huku. Dirisha mbona dogo. Leo nimechemka. Nimemwambia, na Binti yupo anasikia, kwamba huu si wakati wa kukaguana kama watoto wa shule, na kwamba kwenye kazi hii sitaki kuona kalamu nyekundu.

Akaifunga kalamu kifuniko, akaiweka mfukoni. "Sawa," kasema.

Alhamisi, 20 Februari

Mstari wa kwanza nimeumaliza. Nimejisikia fundi leo, kusema kweli. Upande huo ardhi inashuka nyuma ya nyumba, kwa hiyo maji yote ya uani yanakwenda zake bondeni bila kusumbua mtu. Vyumba vizuri, jiko lina hewa, ua una nafasi ya kamba ya nguo.

Mstari wa pili uko ng'ambo ya barabara, unatazamana na wa kwanza. Nyumba ni zilezile. Nimebonyeza mara moja, ramani ikajigeuza kama kwenye kioo: kushoto kuwa kulia, mbele ikatazama barabara. Kazi ya wiki nzima imekwisha kabla chai haijapoa. Nikamwambia Binti, unaona, na mimi nimeanza kuuza mitumba. Kafurahi mpaka kaniletea maandazi. Huenda nilimhukumu mapema.

Ijumaa, 21 Februari

Nimebandika mchoro mzima ukutani. Kaka kaja akausimamia muda mrefu, mikono nyuma. Nilijiandaa kwa vita.

"Umeridhika nao?" kauliza.

"Nimeridhika."

"Haya." Kanipiga bega kidogo, kaenda zake kwenye meza yake.

Nimefurahi kuliko ninavyotaka kukiri. Nadhani kaanza kunielewa. Nimesaini michoro, Zege kaichukua yeye mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Hakuna jipya. Jua kali. Kaka anachonga penseli.

Jumanne, 18 Machi

Kuta zinasimama. Nimepita barabarani nikaziona kwa mbali, nikajivuna. Zege kalipa kwa wakati, mtu wa kwanza mwaka huu. Kodi ya ofisi tumelipa, na fundi wa feni kaja.

Binti kaniuliza, "Shangazi, ule mstari wa pili kuna mtu ameukanyaga?" Nikamjibu kwamba ardhi ni ileile, barabara ni ileile, na yeye aendelee na kazi yake. Kanywea. Nilimjibu kwa ukali usio na sababu. Nadhani ni presha.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua imeanza. Ndogo, ya kuondoa vumbi.

Jumatatu, 14 Aprili

Walimu wamehamia. Nimekwenda na Zege kwenye makabidhiano, watu wanacheka, watoto wanakimbia toka chumba hiki kwenda kile wakipiga kelele ili wasikie mwangwi. Kwenye mstari wa pili nimekutana na mwalimu wa hisabati, mjane, kahamia na mama yake mzazi ambaye hatembei. Kampa mama chumba cha nyuma kwa sababu ni kimya.

"Nimepanga nyumba za watu tangu naanza kazi," kaniambia. "Leo nimepigilia msumari ukutani bila kuomba ruhusa ya mtu."

Kauonyesha. Ulikuwa mtupu, hakuna kilichotundikwa. Nimerudi ofisini nikamsimulia Kaka, nikitaka na yeye aone kwamba tulifanya jema. Kasikiliza mpaka mwisho. "Chumba cha nyuma," kasema, kisha kaomba chumvi. Tulikuwa tunakula.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua tangu jana. Barabara ya kwetu imekuwa mto. Viatu vyangu vya ngozi basi tena.

Alhamisi, 24 Aprili

Asubuhi, ndiyo kwanza navaa, simu imelia. Mwalimu wa hisabati. Hakusalimia. "Mama Msanifu, maji yameingia chumbani kwa mama. Njoo."

Nimempigia Binti tukaenda pamoja. Mvua ilikuwa inamwagika. Mstari wa kwanza, kila kitu shwari, watu wamesimama vibarazani wakitazama ng'ambo. Mstari wa pili, nyumba zote, milango ya mbele iko wazi na maji ya matope yanatokea humo kuja barabarani. Maana yake yaliingilia nyuma, yakapita ndani.

Mwalimu na jirani yake walikuwa wamembeba mama wakamlaza juu ya meza ya kulia, kafunikwa mashuka mawili. Mama anatetemeka, hasemi. Godoro lake linaelea chumbani. Nimepita jikoni, nikafungua mlango wa uani, na hapo ndipo nilipoelewa. Sikuhitaji kupima chochote.

Kule ng'ambo ardhi inashuka kwenda nyuma. Huku ardhi inapanda kwenda nyuma: kilima chote kiko uani. Nilipogeuza ramani kama kwenye kioo, nyumba iligeuka, mlango uligeuka, na mishale ya maji ikageuka nayo, ikiendelea kusema maji yatoke uani yaende nyuma. Kilima hakikugeuka. Mafundi wa Zege wakafuata karatasi. Walichimba ua ushuke kuelekea kilimani, ukawa bakuli, na kilima kizima kinamimina humo. Bakuli likijaa, njia ya maji ni moja tu, mlango wa jikoni. Mtaro wa kukinga maji juu ya nyumba haupo kwa sababu kwenye mchoro wangu haukuwepo.

Nimesimama pale maji yakinifika magotini, naona haya mpaka masikio yanawaka. Binti kanishika mkono, hakusema "nilikuambia." Angesema ningemshukuru. Tumeziba mlango kwa mashuka na magunia, tumechimba mfereji kwa majembe ya kuazima pamoja na walimu, mpaka maji yakapata pa kupitia pembeni. Mama wa mwalimu kapelekwa hospitali, kifua kinambana.

Ijumaa, 25 Aprili

Leo imekuwa siku mbili ndani ya moja.

Asubuhi Zege kaja, kafunga mlango. Kwanza alinituliza, kisha akanieleza tutakavyosema. "Tuseme ni mvua. Mvua mwaka huu si ya kawaida, kila mtu anaona. Mvua haina wakili." Kazi nyingine mbili ziko njiani, zote zetu, ila watu wakisikia mchoro ulikosewa, hapati kazi yeye wala mimi. Na leseni yangu je, nimeifikiria? Nimeifikiria. Usiku mzima sikufikiria kingine, isipokuwa yule bibi juu ya meza. Nikamwambia nitafikiri. Kanipa mpaka Jumamosi ya wiki ijayo, chama cha walimu kinafanya mkutano.

Zege alipotoka nilikaa nikaegemeza kichwa mezani. Kaka kaja na vikombe viwili vya chai, kaniwekea kimoja. Nilidhani kaja kunifariji. Nikaanza kujilaumu mbele yake kama mtoto: iliwezekanaje nisione, mishale ilikuwa mikubwa vile, mtu yeyote mwenye macho angeiona.

"Niliiona," kasema.

Nikainua kichwa.

"Siku ile uliyobandika ukutani. Niliona mishale, nikaona ua. Nikajua maji yatafika jikoni." Aliipuliza chai yake. "Ulisema hutaki kuona kalamu yangu."

"Uliniuliza kama nimeridhika."

"Nikakuuliza, ndiyo. Ukasema umeridhika. Nilingoja uniulize na mimi."

"Miezi miwili, Kaka? Wamemwaga sakafu. Wamehamisha watu. Nilikusimulia habari za chumba cha nyuma."

"Ulitaka ujifunze mwenyewe," kasema, taratibu, bila hasira. Na usoni, Mungu anisamehe kama naona vibaya, kulikuwa na kitu kama raha. Ndogo, ya mtu aliyeshinda ubishi.

Nimemheshimu mtu huyu tangu nilipojua kusema. Alinifundisha kushika penseli. Kila nilipomtukana moyoni kwa uzito wake na ukaidi wake, nilijiambia angalau ni mtu safi, asiyeweza kumwacha mwenye nyumba adhurike. Kumbe aliweza. Aliwaacha walimu wale wapigilie misumari yao, akanywa chai.

Nilipogeuka, Binti alikuwa mlangoni. Alisikia yote. Kamtazama baba yake, kisha kaondoka bila mwavuli.

Kosa ni langu. Naliandika hapa ili nisije nikalikimbia kwa kumkasirikia yeye. Mimi niligeuza ramani, mimi nilikataa kukaguliwa, mimi nilisaini. Lakini mimi sikujua.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua. Nimekwenda hospitali. Mama anaendelea vizuri kidogo. Mwalimu hakunifukuza, ila hakunikaribisha kiti.

Jumatano, 30 Aprili

Binti haongei na baba yake. Anaongea na mimi. Tumeshinda mstari wa pili na kamba na kopo la rangi nyeupe, tukiweka alama mtaro utakapopita. Kakanyaga kilima chote kwenye matope, karudi kanionyesha mahali ambapo maji yanajificha chini ya nyasi, pale ambapo mimi ningepitisha mtaro nikakosea tena. Nilikuwa namwona mtoto wa simu tu. Ana macho kunizidi. Nimemwambia hivyo, kaona aibu, kajifanya anatafuta kamba.

Jumamosi, 3 Mei

Mkutano ulikuwa kwenye darasa la shule, watu wazima kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Mvua juu ya bati iliwalazimu watu kupaza sauti. Zege kakaa mbele, suti. Kaka kaja pia, kakaa nyuma karibu na dirisha. Sikumwomba aje.

Zege kaanza na mvua yake. Alipofika kwenye maneno "majanga ya asili" nikasimama. Nilikuwa nimeandika hotuba, ikanitoka yote kichwani. Nikasema mvua haina kosa. Nikasema niligeuza mchoro bila kwenda kutazama ardhi, maji yakaelekezwa kwenye nyumba zao, na aliyechora na kusaini ni mimi. Nikasema mtaro tumeshaupima, ofisi yangu itauchimba na kusawazisha nyua zote kwa gharama yetu, na kama chama kinataka kunishitaki kwenye bodi ya wasanifu, barua yangu ya kukiri iko tayari.

Zege kaninong'oneza, "Umejichimbia kaburi, na mimi umenitia ndani." Kazi zake zimekwenda, hakuhitaji kuongeza.

Watu walifoka, na walikuwa na haki. Mmoja akaniita muuaji. Kisha mwalimu wa hisabati kainua mkono, darasa likatulia, nadhani kwa mazoea.

"Sisi shuleni," kasema, "mtihani hautoki mpaka mwalimu mwingine ausome. Hata mimi, na ujeuri wangu wote, kazi yangu inasomwa. Ofisini kwenu mko wasanifu watatu. Huu mchoro nani aliusoma?"

Nikageuka nyuma. Binti alikuwa kakaza macho kwa baba yake. Na mimi nikamtazama. Sikumtazama kwa hasira, naapa. Nilimtazama nikiomba. Angesimama akasema neno moja, hata nusu, ningemsamehe palepale mbele ya watu wote, nyumbani ningempikia. Nilimngoja mpaka watu wakaanza kugeuza shingo kutafuta ninamtazama nani.

Kaka aligeukia dirisha, akawa anatazama mvua.

"Hakuna," nikasema. "Mimi nilikataza."

Nikakaa. Ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo, na ndio uongo wa mwisho nitakaomsemea. Binti alikuwa analia waziwazi, bila kujificha, na watu wakadhani analia kwa ajili ya ofisi.

Wamepiga kura. Tunaruhusiwa kurekebisha, ila mwalimu wa hisabati atakagua kila siku, na habari ya bodi wataamua kazi ikiisha.

Ijumaa, 16 Mei

Tunachimba. Mvua zinapungua. Gari nimeliuza. Wenye nyumba wawili wa mtaa wa jirani wamekuja kututazama, maji yanawaingilia na wao, nyumba za ramani za kununua kwenye simu. Binti kasema, "Shangazi, watu hawajengi tena, wanakarabati. Tukarabati." Nikamwambia andika bei. Sikumwambia ni wazo zuri, lakini aliona.

Mama wa mwalimu karudi nyumbani. Kawekwa chumba cha mbele.

Jumatatu, 26 Mei

Jua. Kaka kaja ofisini kwa saa yake ileile, kafungua madirisha, kapangusa meza yake, kaagiza chai. Mwezi mzima anakuja hivi, anatusalimu, anauliza tumefika wapi na mtaro, anatuaga. Jana kamwambia jirani yetu kwamba ofisi imepita kwenye kipindi kigumu ila "tumevuka."

Nimekwenda mpaka mezani kwake. Binti kaacha kuchapa.

"Kaka," nimemwambia, "nakuomba funguo za ofisi."

Yeye ndiye aliyepanga chumba hiki mimi nikiwa bado mwanafunzi. Yeye ndiye aliyepaka hizi kuta. Kanitazama, kisha kaingiza mkono mfukoni, kazitoa kwenye pete yake mmoja mmoja, wa mlango, wa stoo, wa kabati la michoro, kaziweka mezani. Nilikuwa nimejiandaa tangu Jumamosi. Nilikuwa na jibu la kila swali atakaloniuliza, na machozi yake nilishayapangia. Kachukua koti lake, kamuaga binti yake kwa jina, kaondoka.

Hakuniuliza kwa nini.